Noti Iliyokufa kwenye Freti ya Tano

Gitaa la besi la kanisa letu pale Makindye, Kampala, lilikuwa na noti moja mbovu, na kwa miaka sita niliamini kwamba ni mimi peke yangu niliyejua. Ilikuwa kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, freti ya tano. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni mwa gitaa, ambavyo kidole hubana uzi nyuma yavyo. Ukipiga freti ya pili au ya tatu, sauti ilikaa mpaka ukaichoka. Ya tano ilitoka vizuri, ikasimama kidogo, kisha ikaanguka kama mtu aliyekatizwa maneno. Niliipima kwa saa ya mkononi. Noti nyingine zilidumu sekunde nane au tisa. Hii haikufika tatu.

Sikumwambia mtu. Gitaa lile lilikuwa la bei ya chini, na mimi ndiye niliyelichagua na kulisifia mbele ya kamati ya kanisa, nikawaambia kwamba jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa halipigi muziki. Baada ya maneno kama hayo huwezi kurudi kusema kuna noti inayokufa. Bahati nzuri noti ileile inapatikana pia kwenye uzi wa pili, freti ya kumi. Nikauzoesha mkono wangu kuruka hadi pale kila wimbo ulipoihitaji. Waumini walidhani ni madoido. Mama mmoja aliniambia kwamba anapoona mkono wangu ukipanda vile, anajua Roho ameshuka.

Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya. Nilikuja Kampala wakati baadhi ya kuta bado zilikuwa na matundu ya vita, nikapata kazi katika kiwanda cha mabati. Kazi yangu ilikuwa kupima unene wa bati kabla halijaruhusiwa kutoka. Shule niliiachia kidato cha pili. Yaliyobaki nimeyasoma mwenyewe. Besi nilijifunza kutoka kwenye kitabu kimoja kilichokuwa kimekatika kurasa za mwisho, na kutoka kwenye gitaa moja, hilo la kanisa. Sikuwahi kukaa na jingine kwa muda mrefu.

Jumamosi mchana, kazi ilipoisha, nilibeba gitaa hilo hadi Katwe. Huko kulikuwa na karakana ya fundi mmoja Mganda, mwenye kutengeneza majiko ya makaa na milango ya chuma. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Kibuli, na alipiga besi kwenye bendi ya harusi. Tulikuwa wanne tuliokutana pale, sote wapiga besi, na sote tulikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda magitaa ya bei nafuu. Wa tatu alikuwa mzee aliyestaafu kutoka bendi ya polisi, tuliyemwita Afande, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisicho na subira na sarufi. Wa nne alikuwa Mkongo, mtu wa Bukavu, kinyozi, aliyekuwa na kibanda chake cha kunyolea umbali wa dakika kumi kutoka karakana. Siku za mwisho wa juma alipiga katika bendi ya hoteli. Sisi watatu tulipiga; yeye alikuwa mwanamuziki. Tofauti hiyo niliijua tangu siku ya kwanza, na labda sikuipenda.

Katika karakana ile kila kitu kilikuwa cha chuma, isipokuwa mlango mmoja wa nyuma. Ulikuwa wa mvule, mzito, umetoka kwenye nyumba iliyobomolewa wakati wa vita. Fundi alikuwa amegundua kwamba ukibana kichwa cha gitaa la umeme kwenye mlango huo na kupiga bila amplifaya, mlango wote unaitika. Sauti inatoka kwenye mbao, nene na ya karibu, na unaisikia mpaka kwenye meno. Basi hiyo ikawa desturi yetu. Mtu akija na gitaa jipya, au gitaa la kuazima, au hata lile tulilolijua, kwanza lilisalimiana na mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kutoa neno mpaka wote wanne wamepiga. Bei ilisemwa mwisho kabisa, na kadiri ilivyokuwa ndogo ndivyo mwenye gitaa alivyopewa heshima.

Mimi niliongeza desturi yangu. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, na kila gitaa lililopita pale niliandika vipimo vyake: urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi daraja linaloshika nyuzi mwilini, upana wa shingo kwenye freti ya kwanza na ya kumi na mbili, unene wa mwili, idadi ya skrubu. Kalipa, kile chuma cha kupimia unene, nilitoka nayo kazini.

"Wewe Mkenya, wacha hiyo chuma," Afande aliniambia zaidi ya mara moja. "Gitaa si maiti. Unapima, unataka kutengenezea yeye sanduku?"

"Mwache, ssebo," fundi alimwambia Afande, yaani bwana kwa Kiganda. "Huyu akioa tena atampima bibi kwanza na kalipa."

Kinyozi hakunitania. Alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma namba, akauliza: "Na hii yako inazidi hii yangu kwa ngapi?" Nilipomwambia kwamba hazizidiani, kwamba magitaa haya ya bei ya chini mara nyingi yanalingana mpaka kwenye nusu milimita, alicheka. "Basi, yaya, ni ndugu. Mama mumoja."

Neno hilo nililiandika pia, pembeni, kwa sababu lilinifurahisha. Yaya, kwao, ni kaka mkubwa. Sikuwa nimemzidi sana umri.

Kisha gitaa la kanisa likapotea.

Lilikuwa likikaa katika chumba cha nyuma ya madhabahu. Jumatano tulifanya mazoezi nikalirudisha. Jumapili asubuhi halikuwapo. Kufuli halikuvunjwa, dirisha halikuguswa, na amplifaya, yenye thamani zaidi, ilikuwa palepale. Funguo zilikuwa mbili: moja kwa mzee wa kanisa aliyesimamia mali, nyingine kwangu.

Mzee huyo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye duka la vifaa vya shule. Baada ya ibada aliniita kando.

"Mwalimu," aliniambia, kwa maana alimwita kila mpiga ala mwalimu, "funguo ni mbili. Yangu iko hapa."

Alinionyesha. Nami nikatoa yangu nikamwonyesha. Tukabaki tumesimama, kila mmoja na ufunguo mkononi.

"Wewe hulipeleka Katwe kila Jumamosi," alisema.

"Nalipeleka na kulirudisha."

"Huko Katwe wanalijua?"

Nilisema wanalijua. Lakini Jumapili iliyofuata niliona kwamba watu wa kwaya wananisalimia wakitazama begi langu. Mimi ni mgeni hapa, ingawa nimekaa miaka mingi. Mgeni husamehewa mambo mengi, isipokuwa kitu kikipotea. Nikaanza kufikiri kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Nani alijua gitaa linakaa wapi? Nani aliwahi kuniona nikiweka ufunguo kwenye mfuko wa mbele wa begi, begi ambalo nililiegemeza kwenye mabati ya karakana kila Jumamosi kwa saa tatu? Watu watatu. Niliwaandika kwenye daftari, kwenye ukurasa wa mwisho, bila majina, kwa herufi tu.

Wiki tatu baadaye kinyozi alikuja na gitaa jipya.

Lilikuwa jeusi. Lile la kanisa lilikuwa jekundu. Umbo lilikuwa lilelile, na kichwani, mahali pa jina la kiwanda, hapakuwa na kitu. Alilibeba limefungwa kwa kitenge, akalifungua juu ya meza ya kukatia chuma kana kwamba ni mtoto anayeogeshwa.

"Hakuna neno," alitukumbusha. "Kwanza mlango."

Alibana kichwa cha gitaa kwenye mbao, akapiga. Afande alifumba macho. Fundi aliweka kiganja kwenye mlango ili asikie zaidi. Mimi pia nilisikia: lilikuwa gitaa zuri, na kila noti ilidumu. Zamu yangu ilipofika nilipiga noti zote, moja moja, uzi kwa uzi, na mlango ukaziimba zote.

Ndipo akataja bei. Fundi alipiga kelele, akaketi chini kwenye ndoo. Afande alivua kofia.

"Umepata wapi?" niliuliza.

"Kwa mutu mumoja anatokaka na mizigo Dubai. Alikuwa nayo moja tu, ya mwisho. Haina jina, haina begi, njo maana ni chini."

"Alikupa risiti?"

Akanitazama. "Risiti? Yaya, nilinunua gitaa, sikununua shamba."

Wakacheka. Nikatoa kalipa. Urefu wa uzi: uleule. Upana wa shingo: uleule, freti ya kwanza na ya kumi na mbili. Unene wa mwili ulizidi kwa sehemu ndogo ya milimita, na niliandika pembeni: *rangi mpya?* Skrubu nne nyuma ya shingo, kichwa cha msalaba, zote zina mikwaruzo ya bisibisi. Niliandika hilo pia. Gitaa jipya, nilijiuliza, kwa nini skrubu zake zimekwaruzwa?

Alinitazama nikiandika, na safari hii hakuja kusoma namba.

Najua sasa kwamba vipimo vilevile nilikuwa navyo kwenye kurasa za nyuma kwa magitaa matano mengine, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia hayazidiani. Siku ile sikufungua kurasa za nyuma. Nilifungua ukurasa mmoja tu, ule wa gitaa la kanisa.

Jumanne nilikwenda kunyolewa. Nywele zangu hazikuhitaji. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja kirefu, na benchi la kungojea, na gitaa jeusi lilikuwa limening'inia kwenye msumari juu ya benchi. Kulikuwa na mteja kitini. Niliomba nilishike wakati nangoja.

"Shika," alisema, bila kugeuka. Lakini niliona kwenye kioo kwamba macho yake yalinifuata.

Nilikaa. Nilipiga kidogo huku na huku, polepole, kama mtu asiye na haja. Hapakuwa na mlango wa mvule hapo, ni gitaa na paja langu tu, na mashine ya kunyolea ikinguruma. Nikasogea kwenye uzi wa kwanza. Freti ya pili, ya tatu, ya nne. Nikaweka kidole kwenye ya tano.

Ilitoka vizuri, ikasimama kidogo, ikaanguka.

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu mashine ya kunyolea ilizimwa, na katika ukimya ule noti ilikufa mbele yetu sote. Nilikuwa nimeishi na noti ile miaka sita, ningeitambua gizani. Mtu anaweza kupaka rangi nyeusi juu ya nyekundu, anaweza kufuta jina kichwani, lakini kitu kama hiki hakuna msasa unaoweza kukifuta.

"Yaya," kinyozi alisema, "weka sasa. Ni zamu yako."

Alininyoa kwa haraka na hakuzungumza. Nilifikiri: anajua kwamba nimejua. Na kwa kweli nilikuwa sahihi katika hilo. Kilichonipotea ni kile alichodhani nimekijua.

Nilikaa nalo siku nne, na Jumamosi sikwenda Katwe. Sitaki kusema kwamba nilisitasita kwa wema. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema kwa usahihi. Mtu yule alikuwa mkimbizi, na neno la wizi likifika polisi, karatasi aliyopewa ya kuishi hapa isingemlinda sana. Tena, kwa kuwa alikuwa ameuza lake la zamani ili alinunue, gitaa lile ndilo lililokuwa likimpa kazi ya hoteli, kwa sababu bendi ilimtaka kila mpigaji awe na ala yake. Yote hayo niliyajua. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na begi langu, na macho ya kwaya.

Jumapili nilimwambia mzee wa kanisa. Nilimwomba jambo moja, polisi wasiitwe, liombwe kwa upole. Alinisikiliza hadi mwisho, kuhusu noti na sekunde na vipimo. Sidhani alielewa chochote isipokuwa neno kinyozi na neno Mkongo.

"Hayo yanatosha," alisema.

Kesho yake alikwenda na wazee wengine wawili. Sikwenda nao. Nilikuwa kazini, nikipima mabati, na nilipima vibaya mara mbili. Jioni kabla ya giza mzee alinipigia simu ya kiwandani.

"Tumelipata. Ametoa bila kubisha."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama ni wewe uliyetutuma. Tukasema ni kanisa limetutuma. Akalishusha akatupa. Mtu asiye na hatia angebisha, mwalimu."

Nilikubali. Ilionekana hoja nzuri. Kamati ilinirudishia macho yake ya zamani, na Jumapili nilipiga gitaa jeusi. Mkono wangu uliruka hadi freti ya kumi kama kawaida, na yule mama akafurahi kama kawaida.

Lakini nina tabia ya kutaka kuona. Katikati ya wiki nilifungua skrubu zile nne, nikatoa shingo, nikakwangua kidogo kwa wembe ndani ya shimo ambalo shingo hukaa, mahali ambapo hata rangi hufika kwa uvivu. Nilitarajia wekundu. Chini ya weusi kulikuwa na mbao nyeupe. Nilikwangua upande wa pili: mbao nyeupe. Nikajiambia kwamba mwizi makini angepiga msasa kwanza, hata ndani ya shimo. Nikarudisha skrubu. Ndipo nilipoona kwamba na mimi, kwa bisibisi yangu, nimeziongezea mikwaruzo, na nikakumbuka kwamba kinyozi alikuwa na desturi ya kufungua kila gitaa alilonunua na kusafisha nyaya. Alikuwa amelifungua mwenyewe. Nililijua hilo muda wote.

Jumamosi nilikwenda Katwe nimelibeba. Kinyozi hakuwapo. Fundi alikuwa akigonga mdomo wa jiko, na hakuacha kugonga nilipoingia.

"Hilo ni la kinyozi," Afande alisema.

"Ni la kanisa."

"Nani amesema?"

Basi nikawaeleza. Nilikuwa nimejiandaa, nilieleza kwa utaratibu, nikianza na vipimo, nikamalizia na ushahidi wenyewe. Nilisema kuna noti moja kwenye gitaa la kanisa ambayo hufa, uzi wa kwanza, freti ya tano, na kwamba sikuwahi kumwambia mtu, na kwamba noti hiyohiyo hufa kwenye gitaa hili. Nikawapigia, nikiwa nimekaa kwenye ndoo, mbali na mlango. Ikatoka, ikasimama, ikaanguka.

Fundi aliacha kugonga.

Kisha fundi alifuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye ukuta, akashusha gitaa lake, lile alilolisifia miaka minne kwamba halina kasoro hata ya dawa. Hakwenda mlangoni. Aliketi kando yangu na kupiga uzi wa kwanza, freti ya tano.

Ikatoka, ikasimama, ikaanguka.

"Mimi nilidhani ni yangu peke yangu," alisema, kwa sauti ya chini. "Kwenye harusi nairuka. Napanda huku." Akanionyesha. Uzi wa pili, freti ya kumi.

Afande alikuwa ametazama chini. "Yangu inakufa kwa ya sita," alisema. "Kidogo na ya tano. Tangu nanunua. Nyinyi mlikuwa mnasema gitaa yangu ni ya ajabu, mimi nitaanza kusema ni mgonjwa?"

"Lakini kwenye mlango zote zinaimba," nilisema.

Tukajaribu. Fundi alipiga freti ya tano akiwa ameketi, noti ikafa. Akainuka akabana kichwa kwenye mbao, akapiga tena, ikadumu hadi akaizima mwenyewe. Tukarudia kwa gitaa jeusi. Vilevile. Miaka mingi baadaye nilisoma kwa nini: shingo ya gitaa hutikisika nayo, na kuna mahali inapokula nguvu ya uzi. Ukikibana kichwa kwenye kitu kizito, shingo inatulia. Magitaa yaliyoundwa kwa namna moja huumwa karibu mahali pamoja. Katika kitabu changu, huenda hilo lilikuwa kwenye kurasa zilizokatika. Lakini siku ile sikuhitaji kitabu. Tulikuwa tumekutana kila Jumamosi kusifiana magitaa, tukiyasikiliza mahali pekee ambapo ugonjwa wao hausikiki, na kila mmoja akarudi nyumbani na aibu yake akiificha.

"Sasa," Afande alisema, akivaa kofia yake, "na mimi ni mwizi wa kanisa? Na fundi pia? Kuja, funga sisi wote."

Nilikuwa nikilifunga gitaa.

Mzee wa kanisa nilimkuta dukani kwake, akipanga madaftari. Nilimweleza kwamba nimekosea, na kwamba nakwenda kulirudisha. Alinisikiliza kwa subira ileile.

"Kanisa lilikuwa halina gitaa," alisema. "Sasa linalo. Mwenyewe hakubisha. Wewe unataka lisiwe nalo tena?"

"Si letu, mzee."

"Juzi ulikuwa na hakika."

"Nilikuwa nayo."

Alipanga madaftari mengine mawili. "Basi lirudishe wewe. Lakini la kwetu liko wapi, mwalimu? Hilo ndilo nitakalouliza Jumapili." Alisema bila ukali, na akaliacha neno hilo lining'inie kati yetu. Nilitazama ufunguo wake, uliokuwa kwenye kamba shingoni, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kuhusu ufunguo huo. Kisha nikajizuia. Nilikuwa nimekwisha kuona jinsi hesabu zangu zinavyotoka.

Gitaa jekundu halikupatikana kamwe.

Kwa kinyozi nilifika saa kumi, wakati hakuna wateja. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, akitia mafuta mashine. Niliweka gitaa kwenye benchi, nikafungua kitenge, kile chake, nilichokuwa nimekifua.

"Nimekosea, ndugu yangu," nilisema. "Ile noti. Wote wanayo. Fundi, Afande, wote."

Alinitazama kwa muda mrefu kwenye kioo kabla ya kugeuka. "Ile ya tano?"

"Ile ya tano."

"Siku ile ulikuja hapa," alisema, "ulipiga ile mara tatu. Mimi nikasema moyoni, basi, Mkenya ameona. Jumamosi atasimama mbele ya batu aseme gitaa ya kinyozi ni mbovu, bote bacheke. Nilikuwa na haya. Njo maana sikuongea." Akafunga chupa ya mafuta. "Kumbe wewe uliona kitu kingine."

"Kwa nini hukubisha walipokuja?"

"Bazee batatu banaingia kwangu na suti. Mumoja anasema, tumalize hapa ao tumalize polisi." Aliinua mabega. "Gitaa naweza kununua tena."

"Na hoteli?"

"Hoteli bameweka mwingine."

Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kuongea na bendi, na nilikwenda, siku hiyo hiyo, na niliwaeleza kila kitu, na walinisikiliza vizuri na kuniambia kwamba nafasi imejaa. Baada ya miezi minne walimwita tena. Hiyo haikuwa kazi yangu; yule mwingine alihamia Kigali.

Lakini pale kibandani, siku ile, kinyozi aliinuka akapangusa kiti.

"Kaa," alisema.

"Nywele bado fupi."

"Kaa tu, yaya."

Nikakaa. Alinifunga kitambaa shingoni. Kisha akalichukua gitaa kutoka kwenye benchi, akalitazama mbele na nyuma, akapitisha kidole kwenye skrubu zile nne. Hakulirudisha kwenye msumari. Alisogeza kigoda hadi nyuma yangu, akaliegemeza hapo, akapiga hatua moja kurudi, akatazama kioo, akalisogeza tena kidogo. Mwanzoni sikuelewa anapima nini. Kisha nikaona kwamba sasa akisimama kuninyoa anaweza kuona kwenye kioo, kwa pamoja, gitaa na mikono yangu miwili.

Ameendelea kuninyoa hadi leo. Alirudi Katwe pia, na bado tunasifiana magitaa, na bado yanasalimiana na mlango, ingawa siku hizi baada ya mlango kila mtu huketi kwenye ndoo na kupiga freti ya tano mbele ya wengine. Ananiita yaya vilevile. Lakini kila ninapoingia kibandani kwake na kukaa, kabla hajawasha mashine, hulitoa gitaa kwenye msumari juu ya benchi na kuliweka kwenye kigoda kile, pale anapoliona. Nami, kabla hajaniambia, hutoa mikono yangu nje ya kitambaa na kuiweka juu ya magoti.